Kunguru, ukoka na dola 600: nani hasa kaharibu uwanja wa bibi?

Leo tuache siasa na mpira kidogo, nina habari ya kunguru. Najua wengine mko kafe na dakika zinakatika, kwa hiyo naanza na jibu kabisa: ukiona kunguru wanapindua ukoka wako, ujue shida ilianza chini ya ardhi miezi mitatu au minne kabla yule kunguru wa kwanza hajatua. Kumfukuza kunguru wakati huo ni sawa na kufunga banda wakati kuku kashaliwa. Basi, hiyo ndiyo habari yenyewe, mwenye haraka anaweza kufunga ukurasa. Mwenye dakika za ziada abaki nimsimulie jinsi somo hili lilivyonitoa dola 600.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtoto wa Temeke. Nilimaliza kidato cha nne Dar, matokeo yakawa ya kawaida tu, na sasa niko kwa shangazi yangu Burnaby, mji uliopakana na Vancouver, magharibi kabisa mwa Kanada. Usiku nabeba boksi kwenye ghala kama wabongo wengi wa ughaibuni. Mchana nikipata nafasi nakata majani ya watu. Huku nyumba nyingi zina ukoka mbele na nyuma, na watu wanauangalia ule ukoka kama sisi tunavyoangalia sebule siku ya Idi. Jirani akikuona umeacha majani yamekauka anaanza kukupa salamu nusu nusu.

Sasa kuna bibi mmoja wa Kiitaliano, mjane, nilikuwa namkatia majani tangu nifike. Agosti 2024 ukoka wake ukaanza kutoa mabaka ya njano. Akaniuliza kulikoni. Mimi mtaalamu wa kujifunza barabarani nikamjibu kwa kujiamini: "Jua hilo bibi." Na jibu lilikuwa na mantiki, maana huku kiangazi kuna sheria ya maji. Kila mwaka kuanzia Mei 1 hadi Oktoba 15 huruhusiwi kumwagilia ukoka unavyotaka. Mwaka ule ilikuwa asubuhi moja tu kwa wiki. Kwa hiyo nyasi kukauka Agosti ilikuwa jambo la kawaida, mtaa mzima ulikuwa na rangi ya mkeka.

Septemba tukakubaliana niondoe nyasi zote zilizokufa nitandike mpya. Wale ambao hamjawahi kuona: huku ukoka unalimwa shambani, unakatwa pamoja na tabaka jembamba la udongo, unakunjwa kama mkeka, unaletewa kwa gari. Wewe unakunjua tu na kupanga. Bei tuliyopatana ilikuwa dola 1,200, nusu mwanzo na nusu ukoka ukishashika. Ile nusu ya mwanzo karibu yote iliishia kwenye kununua mikeka na kukodi gari. Faida yangu ilikuwa ile 600 ya mwisho. Tukachukua kibali cha kumwagilia ukoka mpya, nikapanga, nikapiga na picha nikamtumia mama Dar. Kijani cha kufa mtu.

Wiki ya pili ya Oktoba simu ikalia asubuhi, nimelala saa mbili tu baada ya zamu. "Njoo uangalie kazi yako." Sauti yenyewe ilinitosha.

Nilipofika nilikuta kunguru kama thelathini wako kazini. Nasema kazini kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kelele hakuna, kila mmoja na sehemu yake. Anashika ncha ya mkeka kwa mdomo, anarudi nyuma hatua mbili tatu, mkeka unapinduka. Anachungulia. Anadonoa, anameza, anasogea kidogo, anashika ncha nyingine. Nusu ya uwanja ilikuwa imegeuzwa juu chini, udongo nje, kama shamba lililopita trekta la mlevi. Na usiku kumbe kulikuwa na zamu nyingine. Kuna mnyama huku anaitwa rakuni, ana alama nyeusi machoni kama kavaa barakoa ya jambazi, na vidole vyake vinafanya kazi kama vya mtu. Yeye anakunja mkeka anaurudisha kama ulivyokuja dukani. Yupo na skanki, ndugu wa tabia na kicheche wetu kwa ile harufu, naye anachimba vishimo vidogo vidogo.

Bibi akanitazama akaniambia senti yake sipati.

Hapo damu yangu ya Dar ikachemka. Wadau, si mnajua mimi na kunguru tunatoka mbali. Nimenyang'anywa chapati na kunguru nikiwa darasa la tatu, mkononi, mbele ya watu. Kwangu kunguru ni mwizi na hana hadhi nyingine. Kwa hiyo nikatangaza vita.

Silaha ya kwanza ilikuwa bundi wa plastiki, dukani wanasema anatisha ndege. Shangazi alipomwona tu mlangoni akasema, "Mwanangu, hicho kidubwasha hakilali ndani ya nyumba yangu." Nikajaribu kumweleza kwamba ni plastiki. "Hata kama." Bundi akalala nje. Siku ya kwanza kunguru walikaa mbali kidogo. Siku ya tatu mmoja alikuwa amekaa juu ya kichwa cha bundi anajisafisha manyoya, teh teh. Nikaja na wavu. Wavu unasaidia kweli ukiupigilia vizuri chini, nisiseme uongo, ila kunguru walihamia kule ambako wavu haukufika. Nikaanza kuwarushia vijiti na kupiga makofi.

Hilo la vijiti lilikuwa kosa, na nalieleza ili usilirudie. Kunguru wanakariri sura za watu. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle, kusini tu ya hapa, anaitwa John Marzluff. Kuanzia 2006 yeye na wenzake walivaa kinyago cha aina moja wakakamata kunguru kadhaa, wakawafunga pete miguuni na kuwaachia. Baadaye kila aliyepita pale chuoni na kinyago kile alizomewa na kunguru, hata kama ni mtu mwingine kabisa aliyekivaa. Miaka ikapita, waliendelea kuzomea, na wakaongezeka wazomeaji ambao hawakuwahi kukamatwa. Yaani walifundishana. Mimi sikuvaa kinyago chochote, nilikwenda na sura yangu hii hii. Mpaka leo kuna kunguru kwenye ule mtaa wananipigia kelele nikitokea kona, na bibi jirani wa mbele anafikiri nina kitu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kipunjabi anayekaa nyumba ya pili. Alikuwa ananitazama siku zote juu ya uzio bila kusema. Siku ya tano akaja na kisu cha jikoni. Akachagua sehemu ambayo kunguru hawajaigusa, akakata mraba, kila upande kama sentimita 30, akafunua ule mkeka. Akaniambia, "Hesabu."

Nikainama. Mabuu. Meupe, manene, yamejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita mbele, nyuma pamevimba rangi ya kijivu kwa udongo lililokula. Kila moja sentimita mbili hivi. Kama umewahi kufukua samadi ya ng'ombe iliyokaa, unayajua, yale ambayo kuku wakiyaona wanapigana. Nilihesabu 17 kwenye kale kamraba. Yule mzee akasema huku wanashauriwa waanze kuwa na wasiwasi yakifika matano mpaka kumi.

Nilikaa chini pale pale. Kwa sababu nilielewa mara moja: kunguru walikuwa wanafanya kile kile anachofanya kuku. Wanachakura. Na mimi ndiye niliyewatandikia kitambaa juu ya meza.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata, nayaweka kwa lugha ya kijiweni.

Yale mabuu ni watoto wa mbawakawa mmoja wa kahawia anayeitwa kitaalamu Amphimallon majale. Mbawakawa ni wale wadudu wenye ganda gumu mgongoni, usimchanganye na mende. Huyu kwao ni Ulaya. Marekani alionekana kwanza jimbo la New York mwaka 1940. Huku upande wa Pasifiki ya Kanada aligunduliwa mwaka 2001 katika mji wa New Westminster, ambao umepakana na Burnaby hapa hapa. Kutoka pale akasambaa mji kwa mji mpaka Vancouver yenyewe.

Maisha yake ni ya mwaka mmoja tu, na kalenda yake ndiyo siri ya yote. Mwisho wa Mei na mwezi wa Juni, jioni yenye joto jua likishazama, wanatoka ardhini, wanapaa kwenye miti, wanakutana dume na jike. Unaweza kusikia mvumo wake. Halafu jike anarudi chini anataga mayai yake ndani ya udongo, na anapenda zaidi ukoka uliokatwa mfupi na wenye mapengo. Mayai yanapasuka Julai. Kabuu kanakotoka ni kadogo sana, hukaoni kwa kupita tu. Kanaanza kula mizizi ya nyasi. Agosti kanakua, Septemba kanakua, Oktoba tayari ni buu la kushiba. Sehemu zenye baridi kali ardhi inaganda na mabuu yanashuka chini. Huku pwani ya Pasifiki majira ya baridi ni mvua zaidi kuliko barafu, kwa hiyo yanabaki karibu na juu, yanaendelea kula mizizi mpaka masika. Aprili na Mei yanajigeuza, na mbawakawa wapya wanatoka.

Sasa rudi kwenye uwanja wa bibi. Yale mabaka ya njano ya Agosti niliyosema ni jua? Jua lilikuwepo, lakini nyasi iliyoliwa mizizi haiwezi kunywa hata hicho kidogo unachoipa. Nilipoondoa nyasi zilizokufa Septemba niliacha mabuu yote udongoni, maana niliparua juu juu tu. Kisha nikaleta mikeka mipya yenye mizizi michanga, nikayafunika nayo. Ukoka mpya haujashika, haujapata hata nafasi ya kushika, kwa hiyo kunguru hahitaji nguvu. Anafunua kama unavyofunua shuka.

Kuna jambo moja nalikubali kwa upande wa bibi, maana wapo wanaoandika kwamba kunguru anasaidia tu na watu wanamwonea. Si kweli moja kwa moja. Ukoka unaomwagiliwa vizuri unaweza kubeba mabuu kadhaa na mwenye nyumba asijue kitu. Kinachougeuza kuwa shamba la viazi ni mchimbaji. Na kunguru haji kumaliza mabuu yote ili akusafishie, anakula yanayomtosha, anaondoka, anakuachia vumbi. Kwa hiyo bibi hakukosea kukasirika. Alikosea tu, na mimi nikakosea pamoja naye, kuhusu lini na kwa nani tukasirike.

Nikamsimulia haya rafiki yangu wa Magomeni, akacheka sana. Akaniuliza, "Sasa si muwatilie sumu kama huku?" Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hata mimi lilinijia lile wazo siku ya kwanza, na ndipo watu wa nyumbani wengi tunapochanganya.

Kunguru wetu wa Dar, Unguja, Tanga na Mombasa, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, ni mgeni. Ni kunguru wa India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili ale takataka za mji. Akazaana, akavuka bahari, akatawala pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili, anabeba vifaranga, anachafua masoko. Ndiyo maana Dar kulikuwa na kampeni kubwa ya mitego na sumu miaka ya 2010, na Kenya mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja hivi hivi. Unaweza kuunga mkono au kupinga, lakini hoja yenyewe inaeleweka: mgeni anaharibu nyumba ya wenyeji.

Burnaby mambo yamegeuka. Kunguru wa huku ni mweusi mtupu, na yuko kwao. Alikuwepo kabla ya mji, kabla ya hizi nyumba, kabla ya ukoka wenyewe, maana hata huu mtindo wa ukoka umekuja na watu kutoka Ulaya. Mgeni ni mbawakawa. Alipoingia 2001 alikuta meza imeandaliwa, maelfu ya viwanja vya nyasi fupi vimepangana, hakuna majira ya barafu ya kumkomesha. Kunguru ni mwenyeji aliyegundua kwamba kuna chakula kipya. Ukimtilia sumu huku umemuua mwenyeji, umeua na paka wa jirani aliyeokota mzoga, na mabuu 17 bado yako pale pale yanatafuna. Mwaka ujao watakuja rakuni peke yao.

Ndiyo maana nilimwambia yule rafiki: jina la ndege ni moja, kesi ni mbili.

Haya, dawa. Manispaa nyingi za huku haziruhusu kupiga dawa za sumu kwa ajili ya urembo wa bustani. Vancouver ilianza kuzizuia mwaka 2006. Kinachotumika zaidi ni nematodi. Hawa ni minyoo midogo mno, huwezi kuwaona kwa macho. Wapo wa aina nyingi, na wengine mkulima wa nyanya huko nyumbani anawajua kwa ubaya kwa sababu wanashambulia mizizi. Hawa wa huku mimea hawaigusi. Wanaogelea kwenye maji yaliyo kati ya chembe za udongo, wanalitafuta buu, wanaingia ndani kupitia matundu ya mwili wake. Wakishaingia wanaachia bakteria wanaoishi nao tumboni, buu linakufa ndani ya siku chache, kisha wanazaana humo humo ndani ya mzoga na kutoka kutafuta lingine. Kusema kweli niliposoma hiyo sehemu nililionea buu huruma kidogo.

Ila wana masharti kama mganga. Unawaweka Julai, wiki ya tatu hivi mpaka mwanzo wa Agosti, wakati mabuu yametoka tu kwenye yai na ni madogo. Ukiwaweka Oktoba, buu limekuwa nyama kubwa, ardhi inapoa, umetupa hela. Jua linawaua, kwa hiyo ni jioni au siku ya mawingu. Udongo lazima ulowe kabla, na ubaki umelowa wiki mbili hivi baada ya hapo, la sivyo hawawezi kusafiri. Na Julai si ndio msimu wa sheria ya maji! Kwa hiyo inabidi uende manispaa uombe kibali maalumu cha kumwagilia kwa ajili ya nematodi. Kipo, watu wengi hawajui tu. Na lazima uagize mapema dukani, maana ni viumbe hai, wanakuja kwenye pakiti yenye baridi na wanatunzwa kwenye friji.

Friji ya nani? Ya shangazi. Julai 2025 nikaziweka pakiti mbili nyuma ya mchicha, nikasahau kumwambia. Niko ghalani simu ikaita. "Baba, hiki nini kwenye friji yangu, kimeandikwa mamilioni ya nini?" Nikamwambia ni minyoo, lakini haina madhara kwa binadamu. Kimya. Halafu akasema, "Minyoo." Kimya tena. Nilitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi nikazikuta kwenye ndoo ya barafu barazani, mchicha umetupwa, friji imesafishwa kwa siki. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akaitikia marahaba bila kugeuka.

Jioni ile ile nikaenda kwa bibi. Alikubali kwa masharti kwamba anunue yeye, nipige mimi bure. Nikalowesha uwanja, nikachanganya kwenye ndoo, nikanyunyiza kwa kopo la kumwagilia, mraba kwa mraba, nikaloweshea tena. Kwa siku kumi na nne nilipita kila siku kuhakikisha udongo haujakauka. Kitu kingine nilichobadilisha ni urefu wa kukata. Zamani nilikuwa nakata mfupi kama kipara kwa sababu nikikata mfupi narudi kwa wiki mbili badala ya moja. Sasa naacha sentimita 6 mpaka 8. Nyasi ndefu zina mizizi mirefu, na jike la mbawakawa halivutiwi nazo sana wakati wa kutaga.

Oktoba 2025 nikamwita mzee wa Kipunjabi na kisu chake. Akakata mraba karibu na pale pale pa mwanzo. Tukahesabu wote wawili. Yalikuwa matatu. Kunguru walikuja, msidhani hawakuja. Walitembea tembea, wakachungulia kona mbili, wakafukua sehemu ndogo karibu na ua ambako nadhani kopo langu halikufika vizuri. Halafu wakahamia kwa jirani wa kushoto ambaye bado anaamini bundi wa plastiki.

Kwa ndugu zangu wa nyumbani ambao mna ukoka, au mnaofanya kazi za bustani Masaki, Njiro, Nyali na kwingineko: msikimbilie kuagiza nematodi kwa sababu mmesoma hapa. Mbawakawa huyu ni wa huku, kalenda yake ni ya huku. Ila mabuu yanayokula mizizi yapo na kwetu, ya jamaa zake. Mashamba ya miwa ya Arusha Chini, kule Moshi, yamesumbuliwa na buu la aina hiyo linalokula mizizi ya muwa. Kwa hiyo ukimwona kunguru anachokonoa sehemu moja ya uwanja kila siku, kabla hujashika manati chukua kisu. Kata mraba, sentimita 30 kwa 30, kina cha vidole vitatu, funua, hesabu. Ukikuta mabuu umepata jibu. Ukikuta hakuna kitu, kunguru alikuwa anaokota mchwa na panzi tu, na ukoka wako unakauka kwa sababu nyingine, labda kweli ni jua. Rudisha mraba wako, mwagilia maji, utashika tena. Ni kipimo cha bure na kinachukua dakika tano. Mimi kingeniokolea mkwanja kama ningekifanya Agosti badala ya kujifanya najua.

Kuhusu ile dola 600: bibi alinilipa 200 Novemba, pamoja na sahani ya tambi iliyonishibisha siku mbili. Hizo 400 hatuzungumzii. Uwanja wa nyuma ameamua hataki ukoka tena, tumepanda maharage, nyanya na klova, na maua ya klova yakifunguka nyuki wanajaa. Ukoka umebaki mbele tu, pale majirani wanapopaona. Tarehe ya nematodi za Julai ijayo nimeshaiandika kwenye kalenda ya ukutani, na shangazi ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu: SI KWENYE FRIJI YANGU.

Majira ya baridi kama saa kumi jioni, kabla giza halijaingia, kunguru wa miji yote hii wanakusanyika kwenda kulala sehemu moja hapa Burnaby panaitwa Still Creek, katikati ya maghala na maegesho ya magari. Wanapita juu ya kichwa maelfu kwa maelfu, mstari hauishi, huku mimi ndio najiandaa kwenda zamu. Siku nyingine nasimama kituo cha basi nawatazama. Na kila mara kuna mmoja anashuka kidogo kutoka kwenye mstari, ananizunguka, ananipigia kelele, kisha anawafuata wenzake.

Naomba kuwasilisha.